Mshale wa Njugu Themanini

Nipeni masikio yenu sasa, na tukifika mwisho nitawaomba na akili zenu. Hadithi hii mimi naijua mwanzo wake na kati yake. Mwisho wake sikuachiwa.

Hapo kale, katika nyika ya Wakamba, ng'ambo ya mto Tiva, palikuwa na kijiji kiitwacho Kyandula, na katika kijiji hicho waliishi watu watatu ambao kila mmoja alijaliwa kipaji chake.

Munyoki alikuwa mpiga upinde. Upinde wake ulimzidi urefu, na wanaume wenye misuli walioujaribu waliurudisha wakicheka ili kuficha aibu. Yeye akiuvuta upote mpaka sikioni, mkono wake haukutetemeka. Nzi angeweza kutua puani pake, akapumzika, akaruka, na Munyoki bado amevuta, anangoja.

Nthenge alikuwa mhunzi. Alikuwa mzee mfupi, mikono imejaa makovu ya cheche, na macho yake yalikuwa yameanza kuona mbali kwa ukungu. Lakini chuma alikijua kama mchungaji ajuavyo mbuzi wake. Chuma kilichopita mikononi mwake hakikupinda wala hakikukatika, na kama kingekatika, yeye mwenyewe angekuwa amekwisha kukuambia kwamba kitakatika.

Kalunde alikuwa mke wa Mbuvi, na kipaji chake kilikuwa viganjani. Alijua uzito. Siku za soko, mtu akileta chumvi na mwenziwe akileta asali wabadilishane, walimwekea Kalunde huku na huku, naye akafumba macho kidogo kisha akasema nani aongeze. Siku moja watani walimpa vifurushi viwili vya ugoro, na ndani ya kimoja walikuwa wamefukia punje chache za mtama. Alikirudisha kile chenye mtama bila kukifungua, akawaambia kwamba ugoro ule utaota.

Hao ndio watu wenyewe. Sasa yaliyowapata.

Mwaka huo mvua za vuli zilikosekana kabisa, na zile za masika zikanyesha siku mbili, zikaaga. Visima vikakauka kimoja baada ya kingine, ikabaki chemchemi moja tu, iitwayo Mavia, chini ya majabali, mwendo wa asubuhi moja kutoka kijijini. Watu wote wa Kyandula na mifugo yao yote wakaitegemea hiyo. Ndipo akaja mbogo.

Alikuwa mbogo dume, mzee, aliyefukuzwa na kundi lake. Alikuja peke yake akalala katika tope la Mavia, akaona pamemfaa, akakaa. Mwanzoni watu walidhani ataondoka. Akaua punda wawili. Kisha akamuua bibi mmoja aliyekwenda kuteka maji kwa kuamini kwamba mnyama mzee atamheshimu mzee mwenzake.

Sheria ya Mavia ilikuwa ya zamani, na kila mtoto aliijua: sumu ya mishale haisogezwi karibu na maji. Na mbogo hakutoka karibu na maji. Basi wanaume saba walikwenda na mishale isiyo na sumu, Munyoki akiwa mmoja wao na Mbuvi mmoja wao. Walisimama mbali, penye usalama, wakapiga. Mishale ikamkaa mbogo mwilini kama vijiti vilivyochomekwa kwenye ukuta wa udongo, kwa sababu kweli ulikuwa ukuta wa udongo. Kila siku alijigaragaza topeni, na tope likamkaukia juu ya ngozi likawa gumu kama gae la chungu. Alijitikisa, mishale ikadondoka. Kisha akawajia. Sita walifika kwenye majabali. Mbuvi alijikwaa.

Munyoki ndiye aliyembeba Mbuvi mabegani mpaka nyumbani.

Baada ya maziko, baraza likakaa. Msemaji wa baraza, Mzee Kisilu, akatangaza kiapo mbele ya watu wote: yeyote atakayemwondoa mbogo Mavia, nyumba yake itapata zamu ya kwanza ya maji, yeye na watoto wake na watoto wa watoto wake.

Msiidharau zamu hiyo mkaiona ndogo. Katika nchi kavu, mwenye zamu ya kwanza huchota maji kabla hayajatibuliwa na kwato. Ng'ombe wake hunywa jua likiwa bado changa na kufika malishoni kabla ya ng'ombe wa wenzake. Wakati wa kiangazi, yeye ndiye ambaye watoto wake hawazikwi. Na baraza lilisema nyumba moja. Zamani za babu zao zamu ya kwanza iliwahi kuwa ya nyumba mbili, na nyumba hizo zilimalizana kwa mapanga, ikabidi majirani wawazike.

Kalunde alibaki na watoto watatu, mbuzi wawili, na fahali mmoja mwekundu ambaye Mbuvi alimlea tangu akiwa ndama. Kwa siku kadhaa hakusema na mtu. Watu walikwenda kuteka maji kwa kuviziana na mbogo, wakirudi na vibuyu nusu, na wengine wakachimba mchanga wa Tiva mpaka kucha zikang'oka, wasipate kitu.

Siku ya tisa Munyoki alikuja kumjulia hali. Alikuwa mwenzi wa Mbuvi wa kuwinda, na Kalunde alikuwa kwake shemeji. Alimletea mshale mmoja wa Mbuvi aliouokota njiani, akafikiri mjane angependa kuuhifadhi.

Kalunde aliupokea, akaulaza kiganjani, akainamisha kichwa. Munyoki alidhani analia. Lakini alipotazama aliona amefumba macho vile afanyavyo sokoni.

“Shemeji,” Kalunde akasema, “mshale huu ni mwepesi.”

Munyoki akamwambia kwa upole kwamba mishale yote ilikuwa hivyo. Baba zao waliitengeneza miepesi ili iruke mbali, mtu apige akiwa hatua hamsini na apate nafasi ya kukimbia.

Kalunde akaugeuza mshale, akamwonyesha ncha. Ilikuwa na tope kavu, na nyuma ya tope hakuna hata tone la damu. “Siku zote sumu ndiyo iliyokuwa ikiua,” akasema. “Mshale ulikuwa mjumbe tu wa kuipeleka, na mjumbe hahitaji kuwa na nguvu. Leo hatuna sumu. Mshale wenyewe lazima uue.”

Munyoki aliitazama ile ncha. Alikaa pale mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia miguuni, kisha akauliza: “Uzito kiasi gani?”

Kalunde akasema hajui. Mikono yake ingeweza kumwambia kitu kina uzito gani. Haikuweza kumwambia uzito gani unatosha kumfikia mbogo moyoni. Hilo halikuweza kujulikana mpaka lijaribiwe, na halikuweza kujaribiwa kwenye gogo wala kwenye kichuguu. Lilihitaji ngozi, na nyama, na mbavu.

Kesho yake asubuhi alimtoa fahali mwekundu zizini. Mama mkwe wake alimshika mkono akamwuliza kama msiba umemwondoa akili, maana fahali huyo ndiye mali yote iliyobaki. Kalunde alimjibu kwamba bila maji fahali atakufa mwezi ujao, na akifa kwa kiu hatamfundisha mtu kitu. Alisema hivyo kwa sauti iliyotulia, lakini fahali alipochinjwa, yeye alikwenda nyuma ya nyumba akakaa huko mpaka kazi ilipokwisha.

Walimlaza fahali ubavu mmoja juu. Kalunde akatandika juu ya ubavu ule ngozi kavu ambayo Mbuvi alikuwa akilalia, ili unene ukaribiane na ngozi ya mbogo. Kisha akapaka udongo wa mfinyanzi unene wa kidole, jua likaukausha. Nthenge mhunzi aliitwa na mishale ya kila namna. Kalunde akafunga ufito kwa kamba katikati ukaning'inia: upande mmoja mshale, upande wa pili kibuyu kidogo cha njugu mawe. Mshale wa kawaida ulilingana na njugu arobaini.

Munyoki alipiga wa arobaini. Ulikwama kwenye udongo.

Nthenge alizungusha waya wa chuma nyuma ya ncha mpaka mshale ukawa njugu hamsini. Ulipasua udongo, ukakwama kwenye ngozi. Wa sitini ulitoboa ngozi mbili ukasimama kwenye ubavu. Wa sabini uliuvunja ubavu, ukaishiwa nguvu hapo hapo. Wa tisini uliondoka kwenye upinde kama mtu aliyeshiba kupita kiasi, ukaanguka chini kabla ya kufika, na Munyoki akasema hakuna upinde wa binadamu utakaoupeleka.

Wa themanini uliingia. Ulipita udongo, ngozi, ubavu, ukazama mpaka nusu ya uti wake. Ungekwenda zaidi kama si waya, ambao mafundo yake yalinasa kwenye ngozi.

Wote watatu walisimama wakiutazama. Kisha Munyoki akahesabu hatua kutoka aliposimama hadi kwa fahali. Zilikuwa kumi na nane. Akajaribu kupiga mshale uleule kutoka hatua thelathini. Ukashuka njiani ukachoma ardhi. Akajaribu ishirini na tano, ukagonga kwato. Chini ya ishirini tu ndipo ulipokwenda alikoutuma.

Aliurudisha mshale kwa Kalunde, na hapo ndipo alipotamka neno ambalo Kalunde hakulisahau. “Shemeji, kila njugu unayoiongeza kwenye kibuyu hicho unanisogeza hatua moja karibu na pembe.”

Kalunde alitazama kibuyu. Alikuwa akihesabu tangu asubuhi, na hakuwa amefikiri kwamba alikuwa akihesabu hivyo.

“Najua sasa,” akasema. “Hata hivyo ni themanini.”

Ikabaki kazi ya mhunzi. Nthenge aliwaeleza kwamba uzito ule hauwezi kuwa wa waya uliofungwa nje. Lazima uwe ndani ya chuma chenyewe, kipande kimoja, ncha pana yenye makali na shingo ndefu nzito inayoingia kwenye uti, ili mzigo wote uwe mbele na nyuma ufuate tu. Na chuma cha namna hiyo hakikuwepo. Wafanyabiashara waliokuwa wakileta chuma walipitia Mavia kunywesha punda wao, na tangu mbogo aingie hawakupita tena. Majembe mabovu aliyokuwa nayo yalikuwa na kutu hadi moyoni. Chuma kama hicho kingepasuka kwenye mfupa.

Alikaa siku mbili akipekua karakana yake. Siku ya tatu Kalunde alimkuta ameketi, ameshika nyundo ndogo mapajani. Hiyo ilikuwa nyundo ya kazi nyembamba, ya nyembe na vyembe vya mishale na hereni. Aliirithi kwa baba yake, na baba yake aliirithi kwa baba yake. Chuma chake kilikuwa kizuri kuliko chochote kilichowahi kufika Kyandula, na hakuna aliyejua kilitoka wapi. Nthenge alimwambia Kalunde kwamba nyundo kubwa itabaki, kwa hiyo majembe ataweza kufua, lakini kazi nyembamba itakuwa imekwisha katika ukoo wao. Alisema hivyo kama mtu anayetoa habari ya hali ya hewa. Kisha akaiweka nyundo motoni.

Kilitoka chuma cha mshale mmoja, na mabaki yake hayakufika hata sindano. Nthenge akakipachika kwenye uti wa mti mgumu, akafunga manyoya meusi ya tai, akautundika kwenye ufito wa Kalunde. Njugu themanini kamili. Hazikupungua, hazikuzidi.

Usiku ule Kalunde hakupata usingizi, na asubuhi, kabla Munyoki hajaja kuuchukua mshale, alikwenda karakana peke yake. Mkewe Munyoki alikuwa amepita kwake jana yake kuomba chumvi, na walikuwa wamezungumza mambo ya chumvi tu, lakini yule mama alikuwa amemwangalia Kalunde kama mtu anayejiuliza iwapo kesho naye atakuwa mjane.

Akamwambia Nthenge apunguze. Achonge shingo ya chuma, atoe njugu kumi. Sabini ilivunja ubavu, akasema. Labda chuma kizuri kitafanya wa sabini uingie pia, na Munyoki apate hatua kumi zaidi.

Nthenge alikuwa akipuliza majivu kwenye tanuri. “Mwanangu,” akasema bila kugeuka, “ulipopima ulikuwa unapima mshale. Sasa unapima hofu, na hiyo haina mizani. Chuma hiki sitakigusa.”

Kalunde alirudi nyumbani. Hakumwambia mtu.

Waliondoka watatu kwenda Mavia. Kalunde na Nthenge walipanda juu ya jabali ambalo mbogo asingeweza kulikwea, na upepo ulikuwa ukivuma kutoka kwa mbogo kuja kwao. Munyoki alijipaka samadi mwili mzima akashuka. Jua lilikuwa limepanda, lakini mawe bado hayajachoma. Mbogo alikuwa amesimama ukingoni mwa maji, mgongo umejaa yangeyange, wale ndege weupe wafuatao mifugo.

Nthenge macho hayakumsaidia, akamwomba Kalunde amsimulie. Kalunde akawa anahesabu kwa kunong'ona. Hatua sitini. Hamsini. Munyoki alikuwa akisogea kwa viwiko, akisimama kila mbogo alipoinua kichwa. Arobaini. Kwenye thelathini alisimama kabisa, nyuma ya jiwe. Alitoa mshale kwenye podo akaupachika kwenye upote, na Kalunde akaona manyoya yake yana madoadoa. Yalikuwa ya kanga. Ulikuwa mshale wake mwenyewe wa kawaida, wa njugu arobaini.

Kalunde akaacha kunong'ona. Nthenge akauliza kuna nini. Hakujibu.

Munyoki alikaa vile kwa muda. Kisha akautoa mshale wa madoadoa, akaurudisha podoni taratibu. Akachukua wenye manyoya meusi, akalala tena kifudifudi, akaendelea kwenda mbele. Ishirini na tano. Ishirini. Kumi na nane. Kumi na sita.

Hapo alipiga goti akavuta. Mbogo alikuwa amempa ubavu, lakini mguu wa mbele ulikuwa umefunika mahali panapotakiwa. Munyoki akangoja, upote sikioni. Yangeyange wakaruka. Mbogo akainua kichwa, akapiga hatua moja mbele, na mguu ukafungua mlango.

Sauti aliyoisikia Kalunde ilikuwa kama mchi ukitua kinuni mara moja tu. Mshale ulizama mpaka kwenye manyoya.

Mbogo hakuanguka. Aligeuka akaja, na hatua kumi na sita ni kitu kidogo kwa mbogo. Munyoki alijitupa kwenye ufa kati ya majabali mawili, akaingia mwili wote isipokuwa bega la kulia. Pembe ikalikuta bega hilo nje. Mbogo akarudi nyuma ili aje tena, na wakati akijiandaa, damu yenye povu ikamtoka puani. Miguu ya mbele ikakunjika kama anayetaka kunywa. Akalala, akakoroma mara moja, akatulia.

Kalunde alikuwa akidhani kwamba siku hiyo ikifika atafurahi, au atamlilia Mbuvi upya. Alihisi kiu tu. Akashuka jabali, akampa Munyoki maji kwanza kwa mikono yake, kisha akanywa yeye.

Walipompasua mbogo walikuta chuma kimekata ubavu wa upande huu, kimepita kwenye moyo na pafu, na ncha imesimama kwenye ubavu wa upande wa pili. Haikuwa imepinda. Bega la Munyoki liliungwa na mganga wa mifupa, likapona kwa kazi ya jembe, lakini mkono haukupanda tena juu ya kifua. Ule upinde wake mrefu hakuuvuta tena.

Mwezi ulipoandama, baraza likakaa kutimiza kiapo, na kijiji kizima kikaja.

Munyoki alisema kwanza, mkono umefungwa kifuani. “Zamu hiyo naitaka, sitaona haya kusema. Nina watoto watano na mkono mmoja.” Kisha akawaambia jambo ambalo hakuna aliyejua isipokuwa Kalunde: kwamba kwenye hatua thelathini aliuweka mshale mwepesi kwenye upinde wake, na roho yake ikamwambia apige akimbie. Akaurudisha. Hakuna aliyemshika mkono. Kwa hiyo, akasema, siku ile aliyechagua mshale mzito alikuwa yeye, mahali ambapo kuchagua kulikuwa na pembe mbele yake. Watu wakaguna kukubali.

Nthenge alisema maneno machache. Alisema wapiga upinde Kyandula wapo, na walikuwepo saba siku aliyokufa Mbuvi. Wanawake wenye akili wapo pia. Lakini chuma kile kilikuwa kimoja, na sasa hakipo. Munyoki amepoteza mkono wake, nao ni wa mtu mmoja; yeye amepoteza mikono ya wajukuu ambao hawajazaliwa, kwa maana nani atawafundisha kazi nyembamba bila nyundo? Akaketi. Watu wakaguna tena, wengine walewale.

Kalunde alisimama mwisho. Ndugu za Munyoki walikuwa wamekwisha kusema pembeni kwamba yeye alikaa juu ya jabali, akahesabu njugu kwa maisha ya mtu mwingine. Alikuwa amewasikia.

“Ni kweli nilikaa juu ya jabali,” akasema. “Na kuna jingine msilolijua. Asubuhi ile nilimwendea baba Nthenge nikamwambia apunguze uzito, kwa sababu niliogopa. Alikataa. Angenisikiliza, mshale ungekwama, na tungemzika Munyoki.”

Nthenge akainamisha kichwa, maana yeye alikuwa amekusudia kulinyamazia jambo hilo mpaka kufa kwake.

“Lakini zamu naitaka na mimi,” Kalunde akaendelea. “Kabla sijamchinja fahali wangu, kuna mtu yeyote hapa aliyewahi kutamka neno themanini? Mngempeleka Munyoki huyuhuyu na nyundo hiyohiyo, angepiga mshale wa arobaini, na mbogo angejitikisa.”

Mzee Kisilu akauliza kama watatu hao wangekubali kupokezana. Wazee wenziwe wakamkumbusha makaburi ya zile nyumba mbili, naye akakiri kwamba ameuliza kwa sababu ya kukosa la kusema. Wakabishana mpaka jua likaegemea. Mmoja akasema mshale hauui bila mkono. Mwingine akasema mkono hauui bila chuma. Wa tatu akasema vyote viwili vilikuwepo siku zote, na mbogo aliendelea kunywa. Baraza likavunjika bila uamuzi.

Asubuhi iliyofuata watu walikwenda Mavia na vibuyu na mifugo, na maji yalikuwa safi, yametulia, yanaonyesha mawe ya chini. Hakuna aliyechota. Munyoki alisimama upande huu na watoto wake, Nthenge upande huu, Kalunde upande huu, kila mmoja akimtazama mwenziwe bila chuki. Nyuma yao ng'ombe walikuwa wakilia kwa kiu, maana ng'ombe hawajui kesi. Mzee Kisilu akasogea ukingoni mwa maji, akainua fimbo yake ili aelekeze, na fimbo ikabaki hewani.

Nimeitembeza hadithi hii mahali pengi. Wawindaji wamenijibu haraka, mafundi wamenijibu haraka, na wanawake walioachwa na waume zao kaburini wamenijibu haraka kuliko wote. Kila mmoja amempa zamu yule anayefanana naye. Wewe usinijibu hivyo. Ishike fimbo ya Mzee Kisilu, watazame watu watatu mbele yako na ng'ombe nyuma yako, kisha uniambie: ungeamua vipi? Kibuyu cha nani kishuke majini kwanza?